Namna ya Kuisoma Ofisi ya Rais Bila Kubabaishwa na Vibao

Baraza jipya la mawaziri likitangazwa Tanzania, watu hukimbilia majina: nani kaula, nani katemwa. Waachie majina yao. Wewe shika kalamu, andika kila wizara inayotanguliwa na maneno "Ofisi ya Rais", kisha linganisha na orodha ya awamu iliyopita.

Anza na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, maana hiyo ndiyo bingwa wa kuhama. Mkapa anaondoka madarakani 2005, iko Ofisi ya Rais. Akaja Kikwete, akaipeleka Ofisi ya Waziri Mkuu. Akaja Magufuli 2015, akairudisha Ofisi ya Rais. Kila safari vibao vinang'olewa, vichwa vya barua vinaandikwa upya, na mwalimu wa shule ya msingi kijijini anabaki chini ya halmashauri ile ile, akidai madai yale yale. Ila usicheke ukaishia hapo. Wizara hii ndiyo inayosimamia mikoa, halmashauri, shule na zahanati. Rais anayeivuta kwake anataka mkono wake ufike hadi kijijini bila kupitia kwa mtu.

Hatua inayofuata, itafute Tume ya Mipango. Wakati wa Kikwete ilikuwa Ofisi ya Rais. Wakati wa Magufuli kazi zake zikahamia Wizara ya Fedha. Mwaka 2023 Rais Samia akairejesha kwa sheria mpya. Chama tawala ni kile kile muda wote huo! Kwangu mimi kuihamishia Fedha lilikuwa kosa: anayehangaika na bajeti ya mwaka huu hana nafasi ya kufikiria miaka ishirini ijayo.

Wala usidhani mambo haya yameanza jana. Jamhuri ya Tanganyika ilipozaliwa 1962, cheo cha Waziri Mkuu kilifutwa. 1972 kikarudi, akakikalia Rashidi Kawawa. Ukitaka kujua idhini inatoka wapi, fungua Katiba ya 1977, ibara ya 36. Rais ana mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini.

Sasa umehitimu. Baraza lijalo likitangazwa, mfuate mbunge wako umuulize: jukumu hili limehamishwa kwa sababu gani, na kuhama kwake kumetugharimu shilingi ngapi? Asipokuwa na jibu, mtume akaulize bungeni.