Aiskrimu ya Wageni

Kwetu aiskrimu hununuliwa kwa ajili ya wageni, na wageni wetu huja wakijisikia. Kopo la lita mbili linakaa kwenye friza, umeme unakatika, unarudi, unakatika. Jumapili iliyopita shemeji akatokea bila taarifa. Alipakuliwa, akatafuna. Ndiyo, alitafuna. "Shemeji," akaniuliza kwa adabu zake zote, "hii imeingia mchanga?"

Mke wangu akamgeukia kitinda mimba wetu: bila shaka amekomba, akajazia maji. Akaletwa fundi friji, naye kabla hajafungua mlango akatoa hukumu: gesi imeisha. Sijawahi kukutana na friji nchini humu inayougua kitu kingine.

Nikajitolea kumtetea mtoto. Hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nikawaambia, si maji yote ya aiskrimu huganda. Sukari huyazuia mengine, yakabaki sharubati nzito katikati ya chembe za barafu. Chembe ndogo ni uso mtupu, tumbo haina, kwa hiyo huyeyuka kwa urahisi zaidi, na maji yake huvuka sharubati yakaenda kugandia chembe kubwa. Aliye nacho huongezewa. Umeme ukikatika, ndogo ndizo hutangulia kufa; ukirudi, hazifufuki, maji yao hurithiwa na manusura. Hakuna tone lililoongezwa wala kuibwa, ila chembe zikishafika takriban mikromita 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita, ulimi unaanza kulalamika.

"Nani kasema?" akauliza mke wangu.

Wilhelm Ostwald, nikamjibu, mkemia mzaliwa wa Riga, aliyeueleza mchezo huu mwishoni mwa karne ya 19. Nobel alipata mwaka 1909, ingawa kwa kazi nyingine.

"Na huyo mtoto wake alikuwa hakombi?"

Viwandani hutia gundi ya mbegu za guar ili kuichelewesha hali hii. Kuichelewesha tu, maana haizuiliki. Kwa nyumba isiyo na jenereta, nikahitimisha, njia ya kitaalamu ni kulimaliza kopo kabla umeme haujakatika tena.

Miaka yote naeleza mambo pale mezani, sijawahi kuona sayansi ikipokelewa kwa kauli moja namna ile. Vijiko vilifika kabla sijameza mate. Fundi, aliyekuwa bado anangoja nauli, akauliza kama kuna bakuli la ziada.