Kwa Mjomba, Juu ya Mnyama Uliyemwona Katika Picha

Bloomington, Minnesota
Mwezi wa Januari

Mjomba wangu mheshimiwa, mwangaluka.

Ama baada ya salamu, na baada ya kukuomba uzifikishe kwa Bibi, kwa Shangazi na kwa wote wanaobarizi chini ya mwembe wako hapo Binza, napenda kukuarifu ya kwamba afya yangu ni njema, masomo yanakwenda, na ile habari iliyokufikia kuwa mwana wenu siku hizi hulala kifudifudi katika theluji alfajiri, akimvizia mnyama mdogo kuliko paka, ni kweli tupu isiyotiwa chumvi hata chembe. Aliyeileta alipungukiwa na kueleza sababu tu, na sababu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Shangazi, alipoonyeshwa picha niliyomtumia binamu kwa simu, aliuliza kwa masikitiko kwa nini nimevushwa bahari ili nikapige picha ya nguchiro aliyelowa. Mwambie, kwa taadhima, kwamba huyo si nguchiro. Ni minki, hayawani wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisi maji, ambaye asili yake ni bara hili la Amerika ya Kaskazini, tangu Alaska hata Florida, popote penye mto, ziwa au kinamasi. Dume lake ni nadra kuzidi kilo moja na nusu, kiwiliwili chake ni sentimita 30 hadi 45 pasipo kuhesabu mkia, manyoya yake ni ya kahawia inayokaribia weusi, na kidevuni ana baka jeupe kana kwamba amekunywa maziwa ya watu akasahau kupangusa mdomo. Tabia yake inalithibitisha baka hilo. Huiba kuku, hula samaki, vyura, mayai na kamba wa maji baridi, na akighadhibika hutoa chini ya mkia harufu ambayo kicheche wetu angeitambua mara moja kuwa ni ya nyumbani. Lakini umahiri wake mkuu umo katika suala la makazi: humwendea panya-maji mkubwa aliyejichimbia nyumba nzuri ukingoni, humuua, humla, kisha huhamia humo akakaa bila kodi wala majuto. Kwetu shauri la namna hiyo lingewaweka wazee barazani hata msimu wa pamba upite, na ng'ombe wengi wangehama zizi; huku kinachosalia ni nyayo tu, mbili mbili, juu ya theluji.

Mahali ninapomvizia ni Hifadhi ya Bonde la Mto Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1976, nayo, ajabu ya kuajabisha, imejibanza karibu na uwanja mkubwa wa ndege wa Minneapolis, hata madege yaendayo nchi za mbali hupita juu ya bata na tai kwa kishindo ambacho viumbe hao walikwisha choka kukishangaa. Kiingilio hakuna. Mimi, niliyezaliwa katika mkoa unaopakana na Serengeti, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na ambayo watu wa huku huweka akiba ya miaka ili waione mara moja kabla ya kufa, sikuwahi kukodi gari nikamtazame simba; imenibidi nije kwenye nchi ya barafu ili niufahamu utalii, tena utalii wa mwizi wa kuku.

Kazi yenyewe ina elimu yake. Minki halali wakati wa baridi kama walalavyo baadhi ya wanyama wa huku, na aghalabu hufuata njia zake zile zile kando ya maji. Kwa hiyo mtafutaji huzisoma nyayo, hutafuta mahali ambapo chemchemi imeyakataza maji yasigande, huketi upande ambao upepo unamjia usoni, kisha husubiri. Kusubiri huko hufanyika pengine katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Betri ya kamera hufa kwa baridi, basi ya pili hulelewa kwapani. Pumzi huganda juu ya kioo, basi mtu hupumua kwa hesabu. Na kamera yenyewe, ikiona weupe mwingi, hudhani nuru imezidi, ikapunguza kila kitu hata theluji ikawa majivu na minki akawa kipande cha mkaa, mpaka mwenyewe uilazimishe kupokea nuru zaidi ya ile inayoitaka. Tafadhali mkumbushe Bibi, kabla hajatoa hukumu juu ya kulala kwangu kifudifudi, kwamba wazee wetu Banunguli, wale wawindaji wa nungu, waliingia kwa tumbo ndani ya mashimo ya mnyama huyo, na hakuna aliyewaita wendawazimu. Najua atakalojibu: wao walitoka na nyama.

Huko nimepata sahibu, mzee mstaafu aliyekuwa mwalimu, ajaye na kiti cha kukunja na lenzi ambayo kwa haki ingekuwa na mchukuzi wake. Aliposikia nimetoka Simiyu, alivua kofia katika baridi ile akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya shekhe, nimepiga picha ngapi za tembo. Nikamjibu kwamba tembo alipoingia usiku katika mahindi yetu hapakuwa na aliyetafuta kamera. Baba alitafuta debe la kupiga, Mama alitafuta watoto, na wewe Mjomba, kama riwaya za nyumbani ni sahihi, ulitafuta mti. Mzee alicheka hata kiti kikazama upande mmoja. Kisha akanieleza kwamba marehemu baba yake alikuwa akimtega minki kwa ajili ya ngozi, na marehemu mama yake alikuwa akimlaani kwa ajili ya kuku, na kwamba katika nyumba yao hakuna aliyepata kumwita mzuri mpaka banda la kuku lilipobomolewa. Nimelitafakari sana neno hilo. Naona macho ya mapenzi humjia mtu pale ambapo mnyama hana tena cha kumwibia, na ndiyo maana mgeni humwona tembo wetu vizuri kuliko sisi, nami namwona minki vizuri kuliko mama wa mzee.

Nilisahau kutaja kwamba tunapovizia hujitanda shuka jeupe ili tufanane na theluji. Nashukuru hakuna huku aijuaye Gamboshi, kijiji chetu kinachosifika kwa uchawi, maana kwetu Bariadi mtu akikutwa alfajiri kando ya mto, amejifunika shuka, hasemi wala hasogei, haulizwi anapiga picha ya nini. Wala usidhani mambo ya kutisha namna hiyo ni yetu peke yetu. Mwaka 2020 serikali ya Denmark, ambako minki walifugwa kwa mamilioni kwa sababu ya manyoya yao, iliamuru wote wauawe kwa hofu ya korona. Wakazikwa kwa haraka, wengine katika mashimo yasiyo na kina, na gesi za kuoza zikawavimbisha hata wakaibuka tena juu ya ardhi. Waziri wa kilimo alijiuzulu, si kwa ajili ya ufufuo huo, bali kwa kuwa amri ilikosa msingi wa sheria. Uingereza nako waliletwa kufugwa tangu mwaka 1929, wakatoroka, na mwaka 1956 ikathibitika kwamba wanazaa porini huko Devon; hata leo wanategwa kwa kosa la kuwamaliza panya-maji wa Waingereza. Ndiyo sababu napendelea kumtazama hapa, ambapo yeye ni mwenyeji na mgeni ni mimi.

Siku aliyotokea, alitokea upande nisioutazamia, akaja moja kwa moja kwenye mkoba wangu uliokuwa na matobolwa ya Bibi, vile viazi vitamu vikavu, akaingiza kichwa, akanusa, akatafakari. Alikuwa karibu na kiwiko changu, na lenzi ndefu haioni kitu kilicho karibu hivyo, basi nikawa kama sina kamera. Akayakataa matobolwa, jambo ambalo Bibi asiambiwe, akatumbukia majini, akazuka na samaki, akasimama juu ya barafu akinitazama. Hapo ndipo nilipopata ile picha ya nguchiro aliyelowa.

Ama koti la manyoya aliloliagiza Shangazi, koti moja refu humeza ngozi 50 hadi 60, na thamani yake ni ng'ombe ambao sithubutu kuwahesabu mbele yako. Nimemnunulia sweta la pamba. Lebo yasema limeshonwa Asia, lakini pamba ilikotoka haikutajwa. Anaweza kudai ni ya shamba lake, na hapo Binza hakuna atakayembishia.

Nawe nitumie matobolwa mengine, mfuko mkubwa kuliko wa kwanza, kwa kuwa mzee ameyazoea, na siku hizi huketi karibu na mkoba wangu kuliko karibu na mto.

Mimi mpwao mtiifu.