Boga Chini ya Shuka

Shuka lenyewe lilikuwa la harusi yetu, jeupe, na mke wangu aliligundua alfajiri likiwa limefunika kitu cha mviringo nyuma ya jikoni. Kabla hajanifikia na maneno yake, jirani alikuwa ameshachungulia juu ya ukuta na kuuliza kwa sauti ya matanga: "Papa, pole sana. Ni nani?"

Ni boga, nikamjibu. Lilikuwa linakingwa jua.

Chanzo ni shemeji yangu aliyeko Liège. Mwezi wa Oktoba alimpa msafiri bahasha yenye mbegu tano, nene kama kucha za dole gumba, za ukoo unaoitwa Atlantic Giant. Howard Dill, mkulima wa Windsor kule Nova Scotia, Kanada, ndiye aliyeuzalisha, na maboga yanayovunja rekodi siku hizi ni wajukuu wa shamba lake. Shemeji akaongeza habari kwa simu: Ian na Stuart Paton, ndugu wawili wa Uingereza, wamepima boga la kilo 1,278.8.

Sikulala. Mwaka 1904 Mkanada William Warnock alipeleka St. Louis boga la paundi 403, yaani kilo 183 hivi, na ilipita miaka zaidi ya sabini kabla ya mtu kumpita. Sasa wakulima wa maboga hawapumui. Mwaka 2014 Beni Meier wa Uswisi alivuka tani moja kwa kilo 1,054. Miaka miwili baadaye Mathias Willemijns, Mbelgiji, akafika 1,190. ("Mbelgiji!" alisema mke wangu. "Hao hawajachoka kupima vitu.") Akaja Mwitalia, akaja Mmarekani, na sasa hawa ndugu wawili. Macho ya wote yako kwenye paundi 3,000, yaani kilo 1,361. Imebaki kama kilo 82, mifuko mitatu ya unga wa bukari na kidogo juu.

Mimi nilichukua chaki nikaandika kwenye ukuta wa jikoni: 50.

Nilichimba shimo, nikalijaza udongo wa kichuguu na mavi ya kuku, na mvua za Novemba zilipotulia juu ya Luano, kwetu Katanga, mbegu moja kati ya tano ikaota. Mmea ule ulitambaa kama umetumwa. Niliyafukia matawi yake udongoni ili yatoe mizizi mingine, kama wanavyofanya wakubwa wa kazi hii. Januari, kabla jua halijapanda, nilichuma ua dume, nikalivua petali, nikaligusisha kwenye ua jike. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Alitoka Likasi kutusalimu wiki mbili. Huo ulikuwa mwezi wake wa tatu kwetu.

"Mumeo anayafanya nini maua?" alimuuliza binti yake.

Vita vikaja nilipokata vitoto vyote vya boga nikabakiza kimoja. Mama mkwe aliviokota kimyakimya akavipika. Kwake, na kwa Katanga nzima, boga ni mboga kwanza: majani yake yakichemshwa na karanga za kutwanga, bukari inashuka yenyewe. Kwangu jani lilikuwa jiko la kulipikia boga sukari. Jani moja likichumwa, kilo zinapungua. Kila asubuhi nilihesabu majani, na kila jioni niliyakuta sahanini.

Ungefanyaje? Mkwe hamkemei mama mkwe. Nilimtuma mtoto: "Mwambie Bibi majani yale yana dawa." Mtoto akarudi: "Bibi anasema ndiyo maana mgongo wake umepona."

Nikala. Yalikuwa matamu, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa futi ya mshonaji nilipima mzunguko, kisha juu kwa juu pande mbili, nikajumlisha. Huko kwa wenzetu wana jedwali linalogeuza jumla hiyo kuwa kilo. Mimi sikuwa na jedwali, nilikuwa na imani. Nilifuta 50 ukutani nikaandika 60. Mke wangu alifuta 60 akaandika bei ya shuka.

Mwisho wa Februari jua liliwaka siku sita, kisha ikanyesha mvua moja ya usiku kucha. Kuelekea alfajiri tulisikia mlio kama ubao unaovunjika. Boga lilikuwa limepasuka hadi kwenye mbegu, na katika mashindano ufa wa namna hiyo unakuondoa hata ungekuwa na tani mbili.

Hata hivyo lazima lipimwe. Vijana wanne walilibeba kwa turubai hadi kwa muuza makaa: kilo 47. Nikaruka. Kijana mmoja akashauri tupite pia kwenye depo ya kununua mawe ya shaba, kando ya barabara: kilo 39. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Mizani ya anayeuza hushiba haraka, ya anayenunua haishibi.

Tulilila siku nne, na majirani, na aliyetupa pole. Mbegu zikaanikwa kwenye ungo. Wakulima wale huziita mbegu kwa uzito wa boga na jina la mwenyewe, basi nilikaa na bahasha na kalamu, nimekwama kati ya 39 na 47. Mama mkwe akanigeukia, kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtoto.

"Baba, ongeza na kilo za majani niliyokula. Hamsini unaipata na chenji inabaki."

Jumamosi alipanda gari la Likasi. Jioni nilipozihesabu mbegu, zilipungua kama kiganja kimoja. Kule, najua, hakuna jani litakalofikisha umri wa kuzeeka.