Askari wa Kioo na Uongo wa Watu

Msyuu! Wazee, sogeeni niwape ya Ulaya. Umoja wa Ulaya ulimwaga euro milioni nne na nusu, kati ya 2016 na 2019, kumtengeneza askari wa mpakani asiye na mwili. Mradi wenyewe uliitwa iBorderCtrl. Uko zako nyumbani mbele ya kompyuta, anatokea polisi wa katuni: begi lako lina nini? Nikilifungua nitakuta hicho ulichosema? Ukijibu, kamera inakukodolea kope na midomo, kisha unapewa alama za uongo. Wakaujaribu Hungaria, Ugiriki na Latvia.

Sasa sikieni vituko. Jaribio la mwanzo lilikuwa na watu 32, na waongo wenyewe waliagizwa kudanganya. Uongo wa kutumwa jamani! Mtu asiye na cha kupoteza utampimaje? Mwaka 2019 mwandishi wa tovuti ya habari ya The Intercept akaketi mbele ya mashine hiyo mpakani mwa Serbia na Hungaria, akajibu maswali 16 kwa kweli tupu. Mashine ikasema manne ni uongo.

Na wewe unayecheka hapo, usicheke. Watafiti Bond na DePaulo walikusanya tafiti kibao, 2006, wakakuta binadamu tukitenganisha uongo na kweli tunapatia mara 54 kwa mia. Rusha shilingi tu, yaishe.

Tatizo ni kwamba mashine hizi zinanusa hofu. Kuna ile ya zamani ya kupima mapigo, pumzi na jasho: Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliipita mara mbili, 1986 na 1991, huku akiwauzia Warusi siri. Tapeli wa stendi anayekufungia kipande cha sabuni kwenye boksi la simu, umewahi kumwona akitokwa jasho? Thubutu! Atakayetetemeka ni bibi wa watu, kwenye begi ana khanga mbili na dawa ya presha.

Wanaomjua mwongo hawahangaiki na uso. Aldert Vrij, profesa wa saikolojia kule Portsmouth, anasema muulize asichojiandalia, au mwambie asimulie kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ehe! Si ndiyo kazi ya mke wa huyu bwana hapa kila Jumamosi? Msibani mlikaa upande gani? Nani aliomba dua? Chakula kilikuja kabla ya mvua au baada? Dakika tatu, bwana kashikwa. Na yule mama Ulaya haijamtumia hata senti.