Mdanganye Jirani, Usijaribu kwa Nguchiro

Unataka kuku nyuma ya nyumba, hela haitoshi, na bado unataka mgeni akiingia uani aseme, "Aisee, umejipanga!" Usione haya. Sote tunapenda kusifiwa, na yote hayo yanawezekana bila kukopa kwenye kikoba. Sikiliza siri yenyewe: ua wa kuku hutazamwa na macho ya aina mbili. Binadamu hutazama kuanzia kifuani kwenda juu, yaani rangi, mlango na paa. Nguchiro hutazama kuanzia goti kwenda chini. Binadamu mdanganye upendavyo, naye ataondoka amefurahi. Pesa halisi ishushe chini ya goti.

1. Punguza kuku kabla ya kupunguza waya.

Kila kuku mkubwa mpe mita 1 ya mraba ya kutembelea, mbali na banda la kulala. Kuku 12 wanataka ua wa mita 3 kwa 4, na ua huo ukisimama peke yake unakula waya wa mita 14. Sasa fanya ujanja. Uegemeze kwenye ukuta wa nyumba kwa ule upande wa mita 4: zimebaki mita 10. Ubane kwenye kona ya kuta mbili: unanunua mita 7, nusu ya gharama, na hakuna atakayejua kwamba kona ilichaguliwa na mfuko wako. Ukuta ukiwa wa jirani, mwombe kwanza, tena nenda na mayai mkononi.

Mgeni akiuliza mbona kuku wenyewe ni wachache, mwambie unafuga kwa mtindo wa nusu huria. Hutakuwa umesema uongo. Wataalamu wa mifugo ndivyo wanavyouita ufugaji wa kuku wanaolala bandani na kushinda ndani ya wigo.

2. Nguzo zioteshe.

Mirunda mipya ni hela, na mchwa hawaulizi uliinunua kwa bei gani. Weka mirunda michache tu, penye kona na penye mlango, mahali panapobeba uzito. Katikati chomeka matawi ya mlonge. Kata tawi lililokomaa, nene kuliko mpini wa jembe, theluthi yake iingie ardhini, na ulichomeke mvua zinapoanza. Litashika mizizi, litachipua, nawe utakuwa na nguzo isiyooza kwa sababu iko hai. Chagua pasipotuama maji, maana mlonge ukikaa majini mizizi huoza.

Mambo mawili uyaangalie. Usilikazie waya tawi ambalo halijashika, subiri lichipue. Tena usiuzungushie mti waya ukaufunga kwa kuukaba; shina likinenepa litajinyonga. Piga msumari wa U upande mmoja tu, ulegee kidogo. Baada ya hapo majani ni mboga yako na chakula cha kuku pia, na kivuli kimekuja bila bati. Mgeni akiona wigo wa kijani atadhani ulimwita mtaalamu wa bustani. Mwache adhani.

3. Waya. Hapa tulia, tusiharakishe.

Duka la vifaa vya ujenzi litakuuzia waya wa kuku, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Ununue, ila ujue kazi yake: unamzuia kuku kutoka, haumzuii adui kuingia. Mbwa akiusukuma unapinda. Ukipata kutu unakatika kwa meno. Na ukiwa na matundu mapana, paka hupitisha mkono akamvuta kifaranga aliyejilaza pembezoni.

Kwa hiyo waya huo upandishe juu, kuanzia nusu mita kutoka ardhini hadi kwenye paa, ambako kazi yake ni nyepesi. Nusu mita ya chini weka wavu wa chuma wenye matundu ya mraba ya kama milimita 13. Usinunue roli zima. Pita kwenye karakana za kuchomelea mageti na madirisha, uliza vipande vilivyobaki. Fundi ana kona ya vipande asivyojua avipeleke wapi, na kipande cha nusu mita kwake ni taka, kwako ni ngome.

Kisha njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Vitabu vingi vitakuambia uchimbe mtaro na kuzika waya. Mtaro wa mita 7 kwenye udongo mgumu utakumaliza mgongo. Usichimbe. Chukua ukanda wa wavu wenye upana wa sentimita 30 hadi 45, ulaze chini upande wa nje wa wigo, ukiwa umegusana kabisa na mguu wa ukuta wa waya, na uvifunge viwili hivyo pamoja kwa waya wa kufungia kila baada ya hatua fupi. Ubane ardhini kwa vigingi, kisha ugandamize kwa mawe na vipande vya matofali. Nguchiro hufika palepale wigo unapogusa ardhi, huanza kufukua, kucha zinakutana na chuma. Kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma nusu mita ili aanzie mbali. Yale mawe yapake chokaa, panda maua kati yake. Mtaa utasifu bustani, kumbe ni mtego wa kucha.

Na ukitaka ua wa bei nafuu utoshe kweli, uutumie mchana tu. Jua likizama kuku wote waingie bandani, penye kuta imara na mlango unaofungwa. Kicheche hutembea usiku, na usiku hakuna ujanja wa bei rahisi unaomtosha. Ukijenga banda dogo imara na ua mkubwa mwepesi, umeokoa zaidi kuliko aliyejaribu kuufanya ua wote uwe jela.

4. Paa liwe la mvuvi.

Ukiwa Pwani, nenda wanakoegesha mashua ukaulize nyavu chakavu. Wavu usiofaa tena kwa samaki unafaa sana kwa mwewe. Utandaze juu ya ua na uukaze vizuri. Ukining'inia, kuku akiruka atanasa. Chagua matundu yasiyopitisha kichwa cha kuku. Aliye mbali na bahari avute kamba za nailoni kwa kukatizana, karibu karibu. Mwewe hapendi kushuka mahali ambako mabawa yatagonga kitu.

Kunguru ni habari nyingine. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wasafishe taka, wakavuka hadi bara, na leo Dar es Salaam nzima wanahesabu vifaranga wako kuliko wewe. Kamba haziwazuii. Kama huna wavu, vifaranga wafunike kwa tenga la mianzi kama alivyofanya bibi yako. Bado halijapatikana la kulishinda kwa bei hiyo.

5. Chini pawe pakavu.

Tope ndilo linalochochea ugonjwa wa kuharisha damu, basi mwaga makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, majani makavu au maranda kutoka kwa seremala, na uongeze kila yanapooza. Tairi kuukuu lijaze mchanga na majivu makavu wajigaragaze, wapunguze utitiri. Liweke chini ya kivuli, mvua isilifikie.

6. Sasa jisifu.

Rangi yote uliyobakiwa nayo ulipopaka nyumba imalizie kwenye mlango. Mlangoni ndipo watu wanapopigia picha. Ufunguke kwa ndani, ili kuku wasikuponyoke unapoingia na sahani ya pumba. Weka makomeo mawili, moja juu, moja chini. Banda la kulala lipe kufuli, na mlango wake uelekee dirisha la chumba unacholala, kwa sababu mwizi wa kuku ni binadamu wa pekee ambaye rangi nzuri haimdanganyi, inamwita.

Nyumba zikiwa zimebanana, usifuge jogoo. Mitetea hutaga bila yeye. Utakachokosa ni vifaranga tu. Na kila wiki peleka mayai upande wa pili wa ukuta. Aliyekula mayai yako hupunguza kunusa.

7. Kitu cha mwisho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na hakina njia ya mkato.

Unaweza kujenga haya yote vizuri na ukaamka ukakuta kuku wote wamelala chini. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, haupitii chini ya wavu wala juu ya paa. Huja na kuku mgeni uliyempokea kwa furaha, na viatu vya rafiki aliyetoka sokoni, na tenga la kuazima. Hauna dawa, una chanjo. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni mwa kila kuku, tena huvumilia joto kuliko nyingi nyingine, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ongea na majirani mchange, maana chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wako. Kabla hujanunua msumari wa kwanza, mpigie afisa mifugo wa kata yako umuulize siku ya chanjo.