Nimetumwa Kukimbiza Bafu

Leeds, Desemba, jua limezama kabla ya saa kumi jioni

Dada, pamoja na wote mnaosomewa barua hii hapo barazani,

Mimi mzima, ila majuzi nimetumwa kazini kukimbiza bafu.

Msicheke kwanza. Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Msimamizi wa zamu kachungulia mlangoni, kaniagiza haraka haraka ni-run bafu la mzee wa chumba cha pili. Mimi, niliyefaulu Kiingereza mpaka mkanichinjia kuku, run ninayoijua ni moja tu: kukimbia. Tuliimba run, ran, run darasa zima hadi bati likatetemeka, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba bafu nalo hukimbia. Nikajua naambiwa nifanye hima. Nikatimua mbio ukumbini, nikapiga breki bafuni, nikasimama nahema kama mtu aliyekosa daladala ya mwisho ya kwenda Pongwe, nangoja amri ya pili. Haikuja. Baada ya dakika kumi msimamizi akanikuta nimeegemea hodhi kavu, taulo begani, tayari kwa lolote.

Kumbe maana yake ni kufungulia maji. Kufungulia maji tu!

Hiyo "tu" nimeiandika kwa mazoea ya kwetu. Mama alipotuogesha alichovya kiwiko, akasema "haya, ingia", na kama kiwiko kimekosea ulilia, ukanyamaza. Hapa kiwiko changu hakina cheti. Kuna kipimajoto cha plastiki kinachoelea, na maji ya kumwingiza mzee mwili mzima hayaruhusiwi kuzidi nyuzi 44. Kuna valvu inayochanganya ya moto na ya baridi ili yasivuke hapo, lakini valvu haiaminiwi, ndiyo maana kikawekwa kipimajoto. Kipimajoto nacho hakiaminiwi, ndiyo maana likawekwa daftari: tarehe, saa, nyuzi, sahihi. Ukimaliza kuandika maji yamepoa. Unaongeza, unapima upya, unaandika upya. Halafu kuna kiti cha betri. Kinampandisha mzee, kinamgeuza, kinamshusha majini taratibu huku kikinguruma kama mashine ya kukoboa iliyokaribia kuishiwa dizeli. Mzee kaketi juu kama sultani, mimi chini na rimoti. Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kupanda badala ya kushuka. Akabaki hewani, miguu inaning'inia, akaniuliza kwa upole kama nimemleta kutazama mandhari.

Mzee huyu ni mwalimu mstaafu. Nilipomsimulia kisa changu alicheka hadi maji yakamwagika, kisha akanipa habari mbaya: kamusi kubwa ya Oxford inahesabu maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Mhariri wake mmoja, Peter Gilliver, alikalia neno hilo miezi tisa. Miezi tisa, dada! Wewe muda huo ulitupatia mpwa. Na katika toleo la 1989 bingwa alikuwa set. Run akampita baadaye. Ampite nani mwingine, kama si mwenye jina la mbio?

Tangu hapo nazikusanya. Msimamizi alipiga simu kusema "anakimbia kuchelewa". Nikamwekea maji ya kunywa na taulo, nikijua anakuja kwa miguu jasho linamtoka. Akashuka kwenye gari. Pua yenye mafua inakimbia. Yai lisiloiva sawasawa linakimbia. Basi la Jumapili halikimbii, na Jumatatu likikimbia hulioni likikimbia. Rangi ya ile kanga aliyonifungia Mama imekimbia ndani ya mashine ya kufua, ikaingia kwenye mashati yangu meupe ya kazi. Nina mashati matano ya waridi sasa. Dawa ya kuyang'arisha ipo dukani, ila sijaenda kuinunua.

Zahanatini nako muuguzi kaniuliza kama sukari inakimbia kwenye familia yetu. Nikamjibu kwetu hakuna anayekimbia tangu mjomba aumie goti akichezea timu ya mtaa. Akaandika kitu kirefu.

Kitu kikiisha, wanasema kimekimbia nje. Hiyo ilinikalia vibaya, maana kwetu chumvi ikiisha anayekimbia nje ni mtoto, na kikombe mkononi, hadi kwa jirani, na anarudi na chumvi na umbea. Jumapili usiku niliishiwa chumvi. Nikatoka na kikombe, nikaitazama milango sita ya majirani ambao mwaka wa tatu huu siwajui majina. Nikarudi ndani, nikala maharage chapwa.

Nilikuwa nimeshajiandaa kuwacheka Waingereza mwaka mzima, mpaka mzee akataka nimfundishe Kiswahili. Nikaanza na kupiga simu. Akauliza simu imekosa nini. Nikamwambia si simu peke yake: tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga hodi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga soga. Akanyamaza. Akavuta daftari langu la nyuzi joto, akafungua ukurasa wa nyuma, akaandika PIGA, na chini yake namba moja. Jana alikuwa amefika thelathini na moja, na ananishuku kwamba namficha nyingine.

Jumapili mchana nitapiga, na ameomba amsalimie Mama. Sentensi yake ya kuagia ni "nitakupigia tena". Ameifanyia mazoezi wiki nzima, lakini ile i ya mwisho inamponyoka kila mara. Basi mwandaeni Mama. Akisikia mzungu mzee anamwahidi kwa heshima zote kwamba atampiga tena, asikate simu.