Lori Limeshafika Lusaka, Ripoti Bado Inaliona Tunduma

Ofisi za wasafirishaji na mawakala wa forodha hupenda mpango mmoja: seti moja ya data ya malori inalisha ripoti zote, ya foleni, ya ankara na ile ya rangirangi ya bosi wa Dar. Seti hiyo ikichelewa, zote zinachelewa kwa umoja na mshikamano. Kabla hujamgombeza karani, hesabu wahalifu hawa wa Power BI, programu inayozichora ripoti hizo, tukianzia kwa vibaka.

7. Kitufe kisicho chenyewe. Kile cha kusasisha kilicho juu ya ripoti huchora upya grafu kwa data iliyokwisha kuhifadhiwa, hakiendi kwenye chanzo kuchukua mpya. Kibonyeze hadi kidole kiote sugu, utaiona jana ile ile, tena safi.

6. Mpenda usafi. Kwenye Excel kulikuwa na safu ya "Namba ya Gari". Mtu kaona ndefu, kaiita "Na. Gari". Usasishaji ukaanguka papo hapo. Ndugu, ukitaka kunadhifisha, fagio lipo nyuma ya mlango.

5. Paswedi mpya. TEHAMA wamebadilisha, seti haikuambiwa. Mtu wa mwisho kujua ni meneja, akiwa katikati ya kikao.

4. Kompyuta ya kona. Data iliyo kwenye seva ya ofisi hupanda mtandaoni kupitia getiwei, programu inayokaa kwenye kompyuta ambayo haitakiwi kuzimwa wala kusinzia. Umeme ukikatika, nayo kwisha. Umeme ukiwepo, kuna mtu atachomoa waya achaji simu.

3. Ripoti yatima. Usasishaji wa ratiba ukifeli mara 4 mfululizo, Power BI huizima ratiba. Miezi 2 ikipita bila mtu kuzifungua ripoti, huisimamisha pia. Namba zinabaki zimetulia kama kimondo cha Mbozi, ila kimondo angalau watu hulipa kiingilio kukitazama.

2. Vurugu ya zamu. Ripoti iliyounganishwa moja kwa moja na seti ya pamoja haina haja ya ratiba yake: sasisha seti, nayo itafuata. Shida iko juu zaidi. Kama seti inachota kwenye hatua nyingine ya maandalizi, hiyo ndiyo itangulie na imalize. Watu huziwekea zote saa 11 alfajiri, halafu wanashangaa seti kuibuka na mizigo ya jana. Na leseni ya Pro huipa kila seti zamu 8 tu za ratiba kwa siku, usizigawe kama pipi. (Aliyepakua nakala yake kwenye Excel akaiita "ya mwisho kabisa" hatumzungumzii. Huyo ana nchi yake.)

1. Saa! Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais Magufuli na Lungu, kiliwaweka maofisa wa nchi mbili pamoja. Saa hakikuziweka. Nakonde, upande wa Zambia, wako nyuma yetu kwa saa 1, na Power BI ikiwa mtandaoni husoma "leo" kwa saa ya UTC, nyuma yetu kwa saa 3. Lori likigongewa muhuri Tunduma saa 6:40 usiku, kwetu ni siku mpya, Nakonde bado jana, na kwa ripoti hilo lori limevuka kesho. Itabaki hivyo mpaka saa 9 usiku.

Halafu anakuja karani kupanga usasishaji wa saa 2 asubuhi, anaandika 2 AM. Programu, mtiifu kuliko wafanyakazi wote, inaamka saa 8 usiku, inakuta hakuna aliyeingiza kitu, inasasisha hewa na kuripoti mafanikio.

Andika 8 AM, chagua ukanda wetu wa saa, na kwenye fomula ya "leo" ongeza kwanza saa 3 kwenye saa ya sasa, ndipo uchukue tarehe. Bosi wa Dar akipiga saa 2 na nusu kuuliza namba za Nakonde, mwambie avute subira: kule ndiyo kwanza saa 1 na nusu, watu wako kwenye chai.